Mwanasheria Katika Siasa: Mafunzo kwa Makada Kutokana na Kazi za Ndugu Joseph Sinde Warioba

UTANGULIZI

Sheria ni chombo cha dola. Hakuna dola isiyokuwa na sheria, na hakuna sheria isiyokuwa na mwenyewe. Kada ambaye hajapata kujiuliza sheria fulani ilitungwa na nani, kwa faida ya nani na kwa lugha gani, ataitii au atailaani bila ya kuielewa, na kwa vyovyote vile hataweza kuwasaidia wananchi anaowaongoza.

Katika madarasa ya itikadi hapa Dongobesh swali moja huulizwa mara kwa mara: Je, mwanasheria anaweza kuwa mtumishi wa wakulima na wafanyakazi, au elimu yake yenyewe humfanya awe mtumishi wa wenye mali? Kwa wananchi wa Mbulu na Hanang swali hili si la nadharia tupu. Wameiona sheria ikichukua ardhi ya watu, na wameiona pia sheria hiyo hiyo ikimrudishia mkulima haki yake. Wana kila sababu ya kutaka kujua ni wakati gani sheria huwa adui na ni wakati gani huwa rafiki.

Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa kuchambua kazi za mwanasheria mmoja aliyeingia katika siasa ya Tanzania na kushika madaraka makubwa, yaani Ndugu Joseph Sinde Warioba. Hatukusudii kumwimbia sifa, wala kumfungulia mashtaka. Tunakusudia kuonyesha kwamba thamani ya mwanasheria katika siasa haipimwi kwa vyeo alivyoshika wala kwa usemi wake mahakamani. Hupimwa kwa haki ambazo kazi yake imeziacha mikononi mwa wananchi, haki wanazoweza kuzidai hata mbele ya Serikali yao wenyewe.

I. WAKILI WA KUKODIWA

Katika nchi za kibepari uwakili umekuwa njia kuu ya kuingilia siasa. Mfano unaojulikana sana ni wa Abraham Lincoln wa Marekani. Lincoln alizaliwa Kentucky mwaka 1809 katika familia ya wakulima wasiokuwa na uwezo mkubwa. Alijisomea sheria mwenyewe, akapata kibali cha uwakili katika jimbo la Illinois mwaka 1836 akiwa tayari mbunge wa jimbo, kisha akawa mjumbe wa Bunge la nchi kuanzia mwaka 1847 hadi 1849, na Rais kuanzia mwaka 1861 hadi alipouawa mwaka 1865.

Dunia inamkumbuka Lincoln kwa Tangazo la tarehe 1 Januari, 1863, lililowatamka kuwa huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Lakini Lincoln huyo huyo, alipokuwa wakili, aliitetea kampuni kubwa ya reli ya Illinois Central katika kesi zake. Na mwaka 1847 alisimama mahakamani upande wa mwenye watumwa aliyekuwa akitaka kurudishiwa mama mmoja pamoja na watoto wake. Kesi hiyo alishindwa, na mama yule akawa huru.

Tukiishia kumwita Lincoln mtu mwema, au mnafiki, hatutajifunza kitu. Yapo mafunzo mawili hapa. Kwanza, uwakili katika mfumo wa kibepari ni kazi ya kukodiwa: mwenye fedha hununua maarifa ya wakili kama anavyonunua nguvu za kibarua, isipokuwa bei ndiyo tofauti. Pili, utumwa wa Marekani haukuvunjwa na maarifa ya wakili mmoja. Ulivunjwa na vita, na watumwa wenyewe waliotoroka mashamba kwa maelfu, na watu weusi wapatao 180,000 waliojiunga na jeshi la Kaskazini. Kazi ya mwanasheria ilikuwa kuyaweka matokeo ya mapambano hayo katika maandishi yasiyofutika kwa urahisi, na hilo lilikamilika mwaka 1865 kwa Badiliko la 13 la Katiba ya Marekani. Mapambano ya watu hutangulia, na sheria hufuata. Lakini mapambano yasiyoandikwa katika sheria huweza kuporwa asubuhi yake.

II. MWANASHERIA WA TAIFA CHANGA

Mkoloni hakutaka Mwafrika wa Tanganyika ajue sheria. Alihitaji makarani, wakalimani na matarishi wa mahakama. Hakuhitaji mtu mweusi wa kumwuliza hakimu wa Kiingereza ni kwa kifungu gani ardhi ya ukoo wake imetwaliwa. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ardhi yote ya Tanganyika ilitamkwa kuwa ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Baadaye, mwaka 1928, haki za wenyeji walioishikilia ardhi kwa mila ziliingizwa katika sheria hiyo, lakini wenyeji wenyewe hawakuwa na wataalamu wa kuzisoma, kwa kuwa ziliandikwa kwa Kiingereza.

Ndiyo sababu Chuo Kikuu chetu kilipofunguliwa Oktoba 1961, kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria, na masomo yalianzia katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Chama cha wakulima na wafanyakazi kilitoa nyumba yake ili vijana wa nchi wajifunze silaha ambayo mkoloni aliwanyima wazazi wao.

Ndugu Warioba ni mmoja wa matunda ya uamuzi huo. Alizaliwa tarehe 3 Septemba, 1940, Bunda, katika mkoa ambao sasa ni Mara, akahitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1966. Hakwenda kufungua ofisi ya uwakili mjini. Alianza kama wakili wa Serikali, akawa mwanasheria wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, kisha akahamia Wizara ya Mambo ya Nje kusimamia masuala ya sheria. Mwaka 1976 alichukua nafasi ya Ndugu Mark Bomani kama Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kuishika hadi mwaka 1983. Alikuwa Waziri wa Sheria kuanzia mwaka 1983 hadi 1985, na tangu Novemba 1985 hadi Novemba 1990 alikuwa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais katika serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi.

Tofauti na wakili wa kukodiwa ni dhahiri. Mteja wake alikuwa mmoja tu, yaani umma uliomsomesha. Hata hivyo hatuna budi kujihadhari. Kuwa na mteja mmoja anayeitwa umma hakuondoi swali la msingi, bali hulileta katika sura mpya: Serikali ikisema kwa niaba ya umma, na mwananchi mmoja akasema Serikali imemwonea, mwanasheria wa umma asimame upande gani?

III. SHERIA KATI YA MATAIFA MASKINI NA MATAJIRI

Sehemu moja ya kazi za Ndugu Warioba haifahamiki sana vijijini, nayo ni Sheria ya Bahari. Mkulima wa Dongobesh, aliye mbali na pwani, aweza kuona jambo hilo halimhusu. Linamhusu, kwa maana linaonyesha sheria inavyotungwa mahali ambapo hakuna serikali ya kuwalazimisha wenye nguvu.

Kwa karne nyingi mataifa ya Ulaya yalitangaza kwamba bahari kuu ni huru kwa wote. Uhuru huo ulikuwa wa mwenye meli. Asiyekuwa na meli alikuwa huru kutazama. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Sheria ya Bahari ulianza mwaka 1973 na kumalizika mwaka 1982, na Ndugu Warioba aliuongoza ujumbe wa Tanzania. Nchi za Dunia ya Tatu zilisimama pamoja katika Kundi la 77. Matokeo yake ni kwamba nchi ya pwani ilipata bahari ya kitaifa ya maili 12, na eneo la kiuchumi la maili 200 ambamo samaki na mali nyingine ni zake. Juu ya hayo, madini yaliyo chini ya bahari kuu yalitamkwa kuwa urithi wa pamoja wa binadamu wote. Mkataba ulitiwa saini Montego Bay, Jamaica, tarehe 10 Desemba, 1982. Ndugu Warioba alichaguliwa mwaka 1983 kuwa mwenyekiti wa kwanza wa Kamisheni ya kuandaa vyombo vya kuutekeleza Mkataba huo, na kuanzia mwaka 1996 hadi 1999 alikuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, mjini Hamburg.

Marekani, taifa lenye makampuni ya kuchimba madini hayo, ilikataa kutia saini. Wenye mali hawaipendi sheria inayosema mali ni ya wote. Tuyazingatie hayo, kwani kanuni iliyotetewa huko baharini, ya mnyonge kulindwa na maandishi ambayo mwenye nguvu hawezi kuyafuta peke yake, ndiyo kanuni tutakayoikuta sasa nyumbani.

IV. MIAKA YA 1983 NA 1984: HARAKA NA HAKI

Mwaka 1983 nchi ilikuwa katika dhiki kubwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula hazina, mafuta yalikuwa ghali, na maduka hayakuwa na sabuni wala chumvi. Walanguzi walificha bidhaa na kuziuza kwa magendo. Chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, marehemu Ndugu Edward Moringe Sokoine, Serikali ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Wananchi waliiunga mkono kwa moyo mmoja, maana walijua nani alikuwa akila jasho lao.

Lakini tuitazame sheria iliyotungwa. Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1983 ilitungwa baada ya watu kwisha kukamatwa, ili kuuhalalisha ukamataji huo. Iliunda baraza maalum nje ya mahakama za kawaida, ikanyima dhamana, na mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Mwaka uliofuata ilibidi ibadilishwe, na Sheria ya mwaka 1984 ikayarudisha mashauri hayo chini ya Mahakama Kuu. Lengo la mapambano lilikuwa sahihi, ila chombo kilikuwa na kasoro. Chombo kinachoweza kumfunga mlanguzi bila ya kumsikiliza, kesho kinaweza kumfunga mkulima aliyekosana na katibu wa kata.

Katika kipindi hicho hicho jambo jingine kubwa lilikuwa likitokea. Mapema mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilitoa mapendekezo ya kubadili Katiba na kuyapeleka kwa wananchi yajadiliwe. Mapendekezo yalihusu madaraka ya Rais, uwezo wa Bunge, Muungano, uwakilishi na madaraka ya wananchi. Hati ya haki za binadamu haikuwemo. Wakati wa Uhuru, na tena mwaka 1965, nchi ilikuwa imeamua kutokuwa na hati ya namna hiyo, kwa hoja kwamba ingewapa mahakimu, ambao wengi walikuwa bado wageni, uwezo wa kuizuia Serikali changa katika kazi ya maendeleo. Badala yake iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi kupokea malalamiko.

Mjadala wa mwaka 1983 na 1984 ulivuka mipaka ya mapendekezo. Wananchi wa Bara na Visiwani, pamoja na chama cha wanasheria wa Tanganyika, walidai haki za binadamu ziandikwe katika Katiba. Dai hilo likakubaliwa. Kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984, Ndugu Warioba akiwa Waziri wa Sheria na Ndugu Damian Lubuva akiwa Mwanasheria Mkuu, haki na wajibu wa raia viliingizwa katika Katiba, ibara ya 12 hadi ya 29. Serikali ilipewa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla ya raia kuruhusiwa kuishtaki kwa haki hizo, na muda huo ulikwisha Machi 1988.

Kada atambue mpango wa mambo. Chama kilileta hoja, wananchi wakaipanua, wanasheria wakaiandika. Pasipo mjadala wa wananchi Wizara ya Sheria isingekuwa na hati ya kuandika. Na pasipo mwanasheria aliyekubali kuiandika, dai la wananchi lingebaki katika kumbukumbu za mikutano.

V. ARDHI YETU: KIPIMO CHA HATI YA HAKI

Sasa turudi kwetu. Katika tambarare za Basotu, wilayani Hanang, Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO, lilianzisha kwa msaada wa Canada mashamba saba ya ngano, kila moja la ekari 10,000. Ngano ilihitajika mijini. Lakini tambarare zile zilikuwa malisho ya Wabarbaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walipofungua shauri walishinda Mahakama Kuu. Shirika likakata rufani, na katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikaamua dhidi yao, kwa hoja kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu wa sheria. Mfugaji aliyeikuta ardhi kwa babu yake alitakiwa aonyeshe karatasi.

Mwaka 1987 Serikali ilikwenda mbali zaidi. Kwa tangazo namba 88 la mwaka huo, haki za ardhi za kimila zilifutwa katika vijiji 92 vya Mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulizijumlisha Mbulu na Hanang. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Ndugu Warioba. Tathmini ya haki haiwezi kuliruka jambo hili. Serikali ambayo miaka mitatu nyuma ilikuwa imeandika katika Katiba kwamba mali ya mtu italindwa, ilikuwa ikifuta kwa tangazo mali ya mtu asiyekuwa na hati. Huo ndio ukinzani uliomo ndani ya kazi ya mwanasheria aliyeko madarakani: mkono mmoja unaandika haki, na mkono mwingine una mpango wa kutekeleza.

Lakini haki ikishaandikwa haimwulizi aliyeiandika ruhusa ya kufanya kazi. Mapema mwaka huo huo wa 1987, mkulima mmoja wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, katika nchi ya Wairaqw upande wa Karatu, pamoja na mwanawe, walifungua shauri Arusha wakidai ardhi yao ya kimila waliyoipoteza wakati wa Operesheni Vijiji. Mwaka 1989 walishinda na kurudishiwa. Rufani ilipokuwa ikisubiri, Bunge lilipitisha Sheria namba 22 ya mwaka 1992, iliyofuta haki zote za kimila za kabla ya kuanzishwa kwa vijiji, bila ya fidia, ikasitisha mashauri yote yaliyokuwa mahakamani na kuzuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe.

Baba na mwana hawakukata tamaa. Walikwenda Mahakama Kuu wakiwa na Katiba, wakasema sheria hiyo inavunja haki zao. Walishinda. Serikali ikakata rufani, na tarehe 21 Desemba, 1994, Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatoa uamuzi ambao kila kada wa Mbulu anapaswa kuujua. Ilisema kwamba haki ya mtu juu ya ardhi aliyoipata kwa mila ni mali, inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba kama mali nyingine yoyote. Ilisema pia kwamba haiwezi kuchukuliwa bila ya fidia ya haki, na kwamba jasho la mtu alilotia katika ardhi lina thamani. Vifungu vilivyokwenda kinyume cha hayo, na vilivyowafungia wananchi mlango wa mahakama, vilitamkwa kuwa batili.

Wapo watakaosema kwamba uamuzi huo uliupinga Ujamaa. Sivyo. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1958 liitwalo Mali ya Taifa, alikwisha kueleza kwamba ardhi ni ya wote, lakini kazi aliyoifanya mtu juu ya ardhi hiyo ni yake. Mahakama haikusema vijiji vivunjwe. Wakulima waliopewa ardhi hiyo wakati wa Operesheni nao ni wakulima, na hawakujigawia wenyewe. Mahakama ilisema tu kwamba gharama ya mpango wa taifa ibebwe na taifa, isibebeshwe mkulima mmoja. Hiyo ni kanuni ya Ujamaa kamili.

Hapa ndipo tunapopata jibu la sehemu kubwa ya swali letu. Mkulima wa Mbulumbulu hakuwa na cheo, na aliyepambana naye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Alishinda kwa sababu miaka 10 nyuma haki ilikuwa imeandikwa mahali ambapo Bunge lenyewe halikuweza kuipita kwa sheria ya kawaida.

VI. RUSHWA NA MIIKO YA UONGOZI

Haki iliyoandikwa huweza kuuawa kwa njia nyingine, nayo ni kuuzwa. Mwaka 1996 Rais Benjamin Mkapa alimteua Ndugu Warioba kuongoza Tume ya Rais ya Kero ya Rushwa. Taarifa ya Tume, iliyotolewa mwaka huo huo, ilitenganisha makundi mawili ya wala rushwa. Lipo kundi la watumishi wa chini, wanaopokea rushwa kwa sababu mshahara hautoshi. Lipo kundi la wakubwa, ambao hawana shida ya chakula wala karo, bali wana tamaa ya kujilimbikizia mali.

Utengano huu una maana kubwa kinadharia. Rushwa ya kwanza ni dalili ya umaskini, na haifai kuvumiliwa, maana anayeumia ni maskini mwenzake. Lakini rushwa ya pili ni njia ya kujenga tabaka. Mkubwa anayechukua fungu katika mkataba wa umma anageuza madaraka kuwa mtaji, na mtaji huo hutafuta madaraka zaidi ya kuulinda. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililiona jambo hili mapema, ndiyo maana likamkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwezi Februari 1991. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ilikuja na sharti la kiongozi kutangaza mali zake. Kutangaza mali ni jambo jema, lakini si sawa na kukatazwa kujilimbikizia, na kada anapaswa kuielewa tofauti hiyo.

VII. KATIBA NA MWENYE KATIBA

Aprili 2012 Rais Jakaya Kikwete alimteua Ndugu Warioba kuwa Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Tume ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni, ikatoa rasimu ya kwanza Juni 2013 na ya pili Desemba mwaka huo. Rasimu ilipendekeza Muungano wa serikali tatu. Chama Cha Mapinduzi kilishikilia msimamo wake wa serikali mbili, na katika Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014 msimamo huo ndio uliopita. Wajumbe wa upinzani walitoka ukumbini Aprili mwaka huo. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili, 2015 iliahirishwa.

Msimamo wa Chama kuhusu muundo wa Muungano unafahamika, na si kusudi la makala hii kuujadili. Tunataka kuonyesha jambo jingine. Tume iliandika rasimu, na Bunge Maalum likaibadili. Yote mawili ni hatua za njiani. Mwenye kauli ya mwisho ni mwananchi katika sanduku la kura, na wenye elimu, wawe wanasheria au wabunge, hawana mamlaka ya kumaliza neno kwa niaba yake. Mwaka 1984 mwananchi alipanua hoja ya Chama chake na Chama kikamsikiliza. Nguvu ya Chama ilionekana hapo, wala si udhaifu wake.

VIII. WAJIBU WA MAKADA

Tunaweza sasa kulijibu swali tulilouliza. Mwanasheria anaweza kuwa mtumishi wa wakulima na wafanyakazi, lakini si kwa tabia yake njema peke yake. Mwanasheria yule yule aliyesimamia kuandikwa kwa hati ya haki alikuwa kiongozi katika serikali iliyofuta haki za kimila katika vijiji 92. Kinachoamua ni kama wananchi wana uwezo wa kuidai haki iliyoandikwa. Uwezo huo hujengwa, na kuujenga ni kazi ya makada. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila darasa la itikadi liisome Katiba, hasa ibara ya 12 hadi ya 30, pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999. Kwa miaka mingi kisingizio kilikuwa lugha, kwa kuwa sheria ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Kada asiyesoma baada ya hapo asimlaumu mkoloni.

Pili, tuvijue vyombo vya mahali petu na mipaka yake. Baraza la ardhi la kijiji husuluhisha. Baraza la kata, tangu marekebisho ya mwaka 2021, nalo husuluhisha tu na halina tena uwezo wa kuamua shauri la ardhi. Mgogoro usiposuluhishika hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwananchi anayeambiwa na mjumbe wa baraza la kata kwamba amenyang'anywa shamba aelezwe kwamba mjumbe huyo hana mamlaka hayo. Kwa kulijua hilo tu, wajane wengi wangeokoa mashamba yao.

Tatu, ardhi ya kijiji isigawiwe wala kutolewa kwa mwekezaji bila ya mkutano mkuu wa kijiji kulijadili jambo hilo, na kumbukumbu za mkutano ziandikwe na kutunzwa. Wananchi wa Mulbadaw walishindwa kwa kukosa karatasi. Karatasi isiyoandikwa leo itatakiwa na mahakama baada ya miaka 20, wakati mashahidi wamekwisha kufa.

Nne, kada asimwogope mwananchi anayekwenda mahakamani kuishtaki Serikali, wala asimwite mpinzani. Mkulima wa Mbulumbulu hakuipinga nchi yake. Aliitaka ifuate Katiba yake, na kwa kufanya hivyo aliwalindia ardhi mamilioni ya wakulima wenzake, wakiwemo makada na wazazi wa makada.

Chama kilipotoa jengo lake la Lumumba mwaka 1961 ili vijana wasome sheria, hakikukusudia kuzaa tabaka jipya la watu wanaoijua sheria peke yao. Kilikusudia elimu hiyo iwafikie wananchi. Kuna vijiji vingi katika Mbulu na Hanang ambamo bado haijafika, na njia ya kuifikisha ni darasa, kitabu cha sheria, na kada aliye tayari kukaa chini na wananchi kukisoma kifungu kwa kifungu.